Hatua ya Tatu

Gosse, dereva wa lori la ushirika wa maziwa, hakuteremka. Miaka kumi na moja alikuwa akiingia uani kwa Bottinga, anafunga bomba kwenye tangi, kisha anakwenda moja kwa moja jikoni kunywa kahawa kama mtu wa nyumbani. Leo alishusha kioo nusu, akamnyooshea Baukje karatasi kwa ncha za vidole.

"Shika, Baukje. Mimi dereva tu, usije ukanichapa."

"Na maziwa?"

"Sichukui. Sampuli ya juzi imekutwa na dawa. Maziwa ya lori zima yamemwagwa, ya kwenu na ya majirani wanane."

"Haiwezekani. Ng'ombe mwenye dawa tulikuwa naye mmoja, na roboti ya kukamulia ilikuwa inamtenga."

"Mimi nimepewa karatasi, nimeleta karatasi."

"Basi njoo unywe kahawa, iko tayari."

"Leo nina haraka."

Haraka gani! Gosse hajawahi kuwa na haraka tangu azaliwe. Alichoogopa ni lori lake kuonekana limeegeshwa kwa Bottinga wakati nusu ya wakulima wa barabara ile wamekwishapata simu ya ushirika. Aligeuza gari kwa pupa, akakanyaga maua ya Baukje, wala hakuomba radhi.

Karatasi ilisema mambo mawili. Maziwa ya Bottinga hayatachukuliwa mpaka wenyewe waeleze kwa maandishi, pamoja na ushahidi, jinsi maziwa ya ng'ombe mgonjwa yalivyoingia tangini. Na wana siku kumi. Zikipita bila maelezo ya kuridhisha, uanachama wao utajadiliwa. Wao walikuwa na ng'ombe sabini, na ng'ombe hajui kusubiri barua. Jioni ile ile Hylke, mume wa Baukje, alifungulia tangi, maziwa yakaenda kwenye shimo la mbolea, na alisimama akiyatazama mpaka ya mwisho.

*

Hylke Bottinga alikuwa mtu wa kukasirika kwanza na kufikiri baadaye. Kabla hata ya chakula alikaa mbele ya kompyuta ya ofisini, akaifungua ile sehemu ambayo kampuni ya roboti imewawekea wateja waripoti hitilafu, akaandika: "ROBOTI YENU IMETUUA. IMETIA MAZIWA YENYE DAWA KWENYE TANGI. REKEBISHENI LEO." Chini palikuwa na visanduku: Ulifanya nini? Ulitegemea nini? Kilitokea nini badala yake? Kwa kutumia kifaa gani? Hylke aliviona akavipita, kama watu wanavyopita masharti ya benki.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi. Baukje alilisoma kwa sauti huku mumewe akipaka jibini kwenye mkate.

"'Tumejaribu, hatukuliona kosa mnalolieleza. Taarifa za ng'ombe namba sitini na moja zilibadilishwa na mtumiaji S. Bottinga, Jumapili, saa tatu na dakika hamsini na mbili asubuhi. Roboti ilifanya ilivyoagizwa. Tumeifunga ripoti.'"

Hylke aliacha kupaka. Baukje aliinua macho. Wote wawili, bila kupatana, wakageukia ukuta wa upande wa mashariki, kwa sababu nyuma ya ukuta ule, katika vyumba viwili vya wazee, alikuwa anaishi S. Bottinga. Sytse, baba yake Hylke, miaka themanini na moja.

"Jumapili saa ile sisi tulikuwa kanisani," alisema Baukje.

Hylke alirudia kupaka jibini, na mkewe akaendelea:

"Yeye alikuwa hapa peke yake. Na ile tableti yake."

"Usianze."

"Sijaanza. Nasoma kilichoandikwa."

Tableti ile walimnunulia wenyewe, magoti yalipomkataza kwenda bandani. Kila asubuhi mzee alikuwa akiwapitia ng'ombe mmoja mmoja kwenye kioo: nani kakamuliwa, nani kala, nani katembea kidogo. Aliwataja kwa majina ambayo Hylke alikuwa hayatumii tena. Ukimkuta, utadhani anasoma barua za wajukuu.

Waliingia kwake wakati wa kahawa. Sytse alikuwa kitini karibu na dirisha, amevaa viatu vyake vya mbao mle mle ndani, jambo ambalo Baukje alishamkataza mara mia.

"Baba ameamkaje?" aliuliza Baukje. Kwao mzazi haambiwi *wewe*; anasemeshwa kama anasimuliwa, hata akiwa amekaa mbele yako.

"Vizuri. Namba kumi na nne atazaa wiki hii, mmeona? Ameanza kujitenga."

"Baba alishika tableti Jumapili? Sisi tukiwa kanisani?"

"Naishika kila siku."

"Baba alibonyeza chochote? Kwa sitini na moja?"

Mzee aliwaza. Alimtazama mwanawe, na mwanawe akatazama zulia.

"Sidhani," alisema. "Mimi natazama tu. Hata hivyo..."

"Hata hivyo nini?" Hylke alidakia, sauti imempanda ghafla. "Wewe ulibonyeza au hukubonyeza?"

Miaka hamsini na minne Hylke hajawahi kumwambia baba yake *wewe*. Masikio ya Sytse yalibadilika rangi, akaiweka kahawa mezani taratibu.

"Labda," alisema. "Labda nilibonyeza."

*

Kuanzia hapo nyumba ikawa ya kuchungulia. Baukje hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Alikuwa mtu aliyeona maziwa ya ng'ombe sabini yanakwenda shimoni asubuhi na jioni, na aliyesalimiwa dukani kwa mgongo. Lakini shaka ikishaingia machoni, kila kitu kinakuwa ushahidi. Mzee kaacha bomba la maji wazi: ushahidi. Kamwita mjukuu kwa jina la shangazi yake: ushahidi. Kauliza mara mbili kama leo ni Jumanne: Baukje aliandika kwenye kalenda ya jikoni, pembeni ya siku, "mara mbili".

Siku ya tatu Hylke aliichukua tableti. Aliichukua mzee akiwa chooni, aibu yake. Sytse alipotoka alitazama mahali ilipokuwa, akatazama chini ya mto wa kiti, akatazama dirishani. Kisha akaketi.

Siku ya nne Baukje alimpigia daktari wa kijiji, naye akawaelekeza kwenye nyumba ya wazee ya mjini, ambako kuna upande wa watu wanaosahau. Palikuwa na nafasi. Wangekuja Jumatatu, siku tisa mbele, kumpima, na matokeo yakiwa kama walivyoyaeleza, wangeondoka naye siku hiyo hiyo kwa majaribio ya wiki mbili.

"Wiki mbili tu, Baba," alisema Baukje, akimkunjia soksi.

"Kama nimewamwagia maziwa majirani wanane," alisema Sytse, "hata miezi miwili ni halali."

Hylke alisikia hayo akiwa mlangoni. Akasema anakwenda kumwangalia namba kumi na nne, na hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

*

Siku ya tano Baukje alituma ripoti ya pili. Aliiandika kwa adabu, bila herufi kubwa. Alieleza kwamba baba mkwe wake ni mzee, kwamba pengine alibonyeza kitu kwa bahati mbaya, na kwamba anaomba kampuni iandike barua ya kuuthibitishia ushirika jambo hilo. Alitegemea waifunge na ripoti hiyo. Badala yake simu ililia.

"Bibi Bottinga? Naitwa Marloes, niko upande wa wanaotengeneza programu. Nimesoma ripoti yako. Nzuri, ila haina maana."

"Unasemaje?"

"Umeniandikia unachofikiri. Mimi siwezi kutengeneza unachofikiri. Niandikie mlichofanya, hatua kwa hatua, na mlichokiona kwa macho. Mtu asiyewajua aifuate hatua kwa hatua, na akifika mwisho aone kosa lile lile."

"Hatukufanya chochote."

Marloes alicheka, si kwa furaha. "Mama, kila mkulima wa nchi hii hajafanya chochote. Hajagusa, hajabadilisha, alikuwa amelala. Mashine zimejibadilisha zenyewe. Mimi nakuuliza kwa sababu kuna kitu hapa kinaninukia. Mtu anayebonyeza ovyo huzima kengele, hufuta ng'ombe, hugeuza lugha. Haondoi alama ya dawa ya ng'ombe mmoja kwa unadhifu namna hiyo. Kwa hiyo ama kuna kosa letu, ama kuna mtu kwenu anayejua alichofanya."

Maneno yale ya mwisho yalibaki sikioni kwa Baukje hata baada ya simu kukatwa. Alichukua daftari la mapishi, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, akaandika:

*Hatua ya kwanza. Ijumaa jioni ng'ombe namba 61 alitiwa dawa kiweleni. Hylke aliandika matibabu kwenye kompyuta ya ofisini.*

*Hatua ya pili. Ijumaa usiku na Jumamosi kutwa roboti ilimtambua 61 kwa mkanda wa shingoni, ikapeleka maziwa yake kwenye ndoo ya pembeni. Nimeziona ndoo. Nimeziosha.*

*Hatua ya tatu.*

*Hatua ya nne. Jumapili mchana ndoo ya pembeni ilikuwa kavu. Nilifikiri Hylke kaiosha. Maziwa yalikuwa tangini.*

Ya tatu ilibaki tupu. Akaandika "Baba mkwe alibonyeza tableti", akaifuta. Hakuona mzee akibonyeza. Hakuna aliyeona. Kwa mara ya kwanza katika siku tano aligundua kwamba jambo lile wamelishika kwa sababu mzee alisema *labda*.

Akatuma ilivyo, hatua ya tatu ikiwa wazi, na kwenye kisanduku cha kifaa akaandika: tableti. Marloes hakuandika jibu. Alipiga tena.

"Hii ndiyo ripoti sasa. Ila umekosea kifaa. Si tableti. Nimetazama rekodi za Jumapili: mabadiliko yametoka kwenye simu."

"Baba mkwe hana simu ya hivyo. Ana ile ya mezani tu."

"Basi jina lake linatumiwa na nani?"

Baukje alikaa chini. Jina lilitumiwa na wote. Programu ilipowekwa, shamba lilikuwa bado la Sytse. Wakasajili kwa jina lake, neno la siri mwaka wake wa kuzaliwa, na hakuna aliyejisumbua kubadilisha. Lilikuwa kwenye simu yake mwenyewe. Lilikuwa kwenye simu ya Hylke.

"Jumapili," alisema Marloes. "Saa tatu na dakika hamsini na mbili. Ulikuwa wapi na ulikuwa unafanya nini? Sikushuku, nauliza tu."

"Kanisani. Mahubiri yalikuwa yameanza. Nilikuwa nagawa pipi za mnanaa, kama kila Jumapili."

Na hapo akakumbuka. Alimpa bintiye, akampa dada yake, akamnyooshea Hylke, na Hylke hakupokea. Alitikisa kichwa tu. Miaka ishirini na tano ya ndoa hajawahi kuikataa pipi ya mahubiri. Lakini angeipokeaje, na mikono yote miwili ilikuwa chini ya kitabu cha nyimbo?

*

Alimkuta bandani, karibu na roboti, mkono wa chuma wa mashine ukitafuta chuchu za ng'ombe chini.

"Hatua ya tatu ni nini, Hylke?"

"Hatua gani?"

"Usinifanye mjinga. Jumapili, kanisani, chini ya kitabu."

Hylke aligeuka akaanza kukusanya nyasi kwa mguu. Ng'ombe mmoja alitoka, mwingine akaingia. Halafu akasema, na alisema haraka kama mtu anayetapika.

Asubuhi ile, dakika kumi kabla ya kwenda kanisani, mkanda wa sitini na moja ulikuwa umekufa. Namba haisomeki, na roboti haimfungulii mlango ng'ombe isiyemtambua. Mikanda mipya haikuwepo. Basi akafanya wanavyofanya wote kijijini ambao hawatathubutu kukiri: akamvua mkanda namba kumi na nne, ambaye ameachishwa kukamuliwa anangoja kuzaa, akamvalisha sitini na moja. Ushirika unakataza kabisa. Ng'ombe kutembea na namba ya mwenzake, kundi zima linaweza kufungiwa. Alinuia kuandika kwenye programu akirudi. Lakini katikati ya mahubiri simu ikaanza kutetemeka pajani: ng'ombe asiyekamuliwa amesimama mlangoni mwa roboti, ng'ombe asiyekamuliwa amesimama mlangoni. Akahamisha namba pale pale kwa simu, mkanda ule ukahesabiwa wa sitini na moja. Jumatatu, lori lilipokwisha kuondoka, alimvalisha sitini na moja mkanda mpya aliokwenda kuununua, akaurudisha wa kumi na nne kwa mwenyewe.

"Na dawa? Uliifuta?"

"Sikuifuta! Kwenye simu alama nyekundu ilikuwepo, naapa, niliitazama. Sitini na moja, nyekundu, ana dawa. Ningejuaje kwamba roboti haioni ninachokiona?"

"Siku ya kwanza ungesema."

"Ningesemaje? Mimi mzee wa kanisa, Baukje. Mimi ndiye niliyeleta hoja ya kikapu mlangoni, vijana waache simu zao humo. Na ushirika je? Wangefunga kundi lote."

"Kwa hiyo ukamwachia baba yako."

"Sikumwachia. Alisema *labda*."

Baukje alitoa simu yake akafungua ile ripoti.

"Sema tena," alisema. "Polepole, kwa mpangilio. Na saa."

*

Waliirudia kesho yake mchana, wote wawili bila kusemezana ila kwa lazima. Walichukua ng'ombe mzima, namba ishirini na mbili, wakamwandikia dawa ambayo hakupewa, wakamvalisha mkanda wa kumi na nne, wakahamisha namba kwa simu. Baukje alipiga picha ya simu: nyekundu. Akapiga picha ya kioo cha roboti, wakati ule ule: safi, tangini. Halafu wakafanya hayo hayo kwa kompyuta ya ofisini, na kote kukawa nyekundu. Akaandika yote. Hatua ya tatu ikaanza na maneno "Mume wangu Hylke, akiwa kanisani, kwa simu yake", na Hylke alipoomba neno *kanisani* liondolewe, Baukje alisema lingekuwa la uongo, kwa sababu huko mtandao ni dhaifu na huenda ni sehemu ya kosa.

Marloes alijibu kabla ya jioni. Wamekiona. Simu ilikuwa ikihamisha namba bila kuhamisha matibabu; dawa ilibaki kwenye mkanda wa zamani, ikamwacha ng'ombe. Kuna mashamba mengine manne yaliyopata shida hiyo mwaka ule, na kote wenyewe waliapa hawajagusa kitu. "Yenu ndiyo ya kwanza tuliyoweza kuifuata mpaka mwisho," aliandika. "Asante kwa kusema ukweli. Najua haikuwa rahisi."

Ushirika nao ulipokea ripoti ile ile. Ulimpa Hylke onyo kali la mkanda, ukaagiza ng'ombe wote wakaguliwe namba, ukamrudisha Gosse na lori lake. Gosse aliteremka safari hii, akakaa jikoni, akala mkate wa sukari vipande viwili, akasema yeye tangu mwanzo alijua ni mashine. Baukje akamwongezea kahawa.

*

Jumapili alasiri Hylke alikwenda kwa baba yake. Hakwenda kanisani siku ile. Alimtumia mchungaji barua, na mchungaji anajua kwa nini. Baukje alimfuata, akasimama mlangoni, maana hakumwamini kumaliza sentensi peke yake.

Sytse alikuwa amevaa koti zuri. Mkoba mdogo ulikuwa kitandani, umefungwa tayari.

"Baba asikilize," alisema Hylke. Alipiga goti kwenye zulia, mtu mzima wa kilo mia, ili macho yao yawe sawa. "Si Baba. Ni mimi. Nilifanya kwa simu, kanisani. Baba hakugusa kitu. Wamethibitisha, iko kwenye maandishi. Nilijua, nikanyamaza, nikamwacha Baba asemwe. Naomba Baba anisamehe."

Alilia, na alilia vibaya, kama watu wasiozoea. Mzee alimwekea mkono kichwani, akampapasa nywele.

"Hapana, mwanangu," alisema kwa upole. "Nilibonyeza mimi. Nimelifikiria siku hizi zote, na sasa nakumbuka vizuri kabisa. Kwenye redio walikuwa wanaimba zaburi. Nilimwona sitini na moja, alama yake nyekundu, nikasema maskini, kwa nini ateseke, nikaigusa. Kidole hiki. Ikapotea."

"Baba, haikutokea hivyo!"

"Nakumbuka, Hylke."

Hylke alimgeukia mkewe. Baukje alikuwa na picha mbili, saa, kifaa, hatua sita zilizopangwa, na hakuna hata moja iliyofaa.

"Wewe ni mtoto mwema," alisema Sytse, bado anampapasa, "kutaka kunibebea." Kisha akainua macho kwa Baukje, akauliza kama kesho watu wa nyumba ya wazee wanakuja asubuhi au mchana, ili asije akawachelewesha.